Kuwinda tonado Marekani: kwa nini gari hunaswa ghafla, na wanaoponea chupuchupu wanaponaje?

Mpenda_Mawingu aliuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaoijua kazi hii. Kuna aina ya video inayojirudia kila msimu kutoka Kansas, Oklahoma na kaskazini mwa Texas. Gari limesimama kwenye barabara ya udongo, pua ikitazama magharibi. Tonado iko kaskazini-magharibi, kama kilomita tatu na nusu hivi, nene, na kwa macho haisogei. Watu wameshuka na kamera zao. Dakika tatu baadaye pazia la mvua linapita mbele yake, haionekani tena. Nusu dakika nyingine upepo unageuka, mtu anapiga kelele, gari linageuzwa kwa kwenda mbele na nyuma huku tairi zikizunguka bure kwenye tope, kisha linakimbilia kusini, nguzo za umeme zikilala nyuma yake.

Nauliza mambo matatu. Siku kama hiyo hupangwaje tangu asubuhi? Kosa lilianzia wapi hasa, maana kwenye video linaonekana kama bahati mbaya tu? Na mtu mwenye rada kwenye simu ananaswaje?

Neno "kimbunga" nimelikwepa makusudi tusije tukachanganya na vile vya baharini.

---

NdoanoYaRada alijibu:

Umefanya vyema kutenganisha. Kimbunga cha baharini unakiona kwenye setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado nyingi huisha ndani ya dakika 10, kwa hiyo hakuna anayeiwinda yenyewe. Kinachowindwa ni supaseli, yaani dhoruba moja kubwa ambayo hewa yake inayopanda inazunguka, halafu unajiweka mahali ambapo ikizaa utaona.

Asubuhi ni ya kusoma. Maputo ya vipimo hurushwa kwa ajili ya saa 1 asubuhi (saa za Kati, majira ya joto), na kituo cha kitaifa cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, hutoa ramani ya hatari yenye madaraja matano. Toleo la kwanza hutoka saa 7 usiku, kisha saa 2 asubuhi, saa 5 na nusu, saa 9 alasiri na saa 2 usiku. La saa 2 asubuhi ndilo la kuchagulia mji wa kusubiria. La saa 5 na nusu ni la kujisahihisha, kwa sababu kufikia hapo mawingu ya asubuhi yameshaonyesha kama yataondoka au yatabaki kulifunika jua.

Unatafuta mambo manne yakutane mahali pamoja. La kwanza ni unyevu kutoka Ghuba ya Mexico: nukta ya umande (joto ambalo hewa ikipozwa kulifikia, mvuke wake unaanza kuwa maji) nyuzi 16 za Selsiasi kwenda juu, na 18 au zaidi ndiyo inayofurahisha. Watu huiona kama namba ya joto tu, kumbe ndiyo inayoamua kitako cha wingu kitakaa wapi. Kitako kikiwa chini ya mita 1,000, mvua inayoshuka haipati nafasi kubwa ya kukauka na kuipoza hewa. Kikiwa mita 2,000, hewa inayoteremka huwa baridi na nzito, inatambaa ardhini na kuukata mzunguko miguu.

La pili ni nguvu ya hewa kupanda, kile kipimo cha CAPE. Jouli (kipimo cha nishati) 2,000 hadi 3,000 kwa kila kilo ya hewa inatosha kabisa. Wanaoanza huikimbilia siku yenye 5,000, na mimi nadhani hapo ndipo siku nyingi hupotea bure, kwa sababu bila jambo la tatu haina maana. Jambo lenyewe ni tofauti ya upepo wa chini na wa juu. Chini uvume kutoka kusini-mashariki, juu kutoka kusini-magharibi au magharibi, na kati ya ardhi na kilomita 6 tofauti ifike mita 20 kwa sekunde. Bila hiyo, mvua inaangukia ndani ya mkondo uleule unaopanda, na dhoruba inajizima yenyewe ndani ya saa moja. Tofauti ikiwepo, mvua inapelekwa pembeni na mkondo unaendelea kuishi. Kwa tonado zaidi uangalie kilomita 1 ya chini. Upepo usipogeuka na kuongezeka pale, utapata supaseli nzuri ya kupiga picha yenye mvua ya mawe, basi.

La nne ni kichocheo, ambacho kwenye nyanda zile mara nyingi ni mpaka wa hewa kavu. Upande wa magharibi kuna hewa ya jangwa la New Mexico na nyanda za juu za Mexico, mashariki kuna hewa ya Ghuba. Ukiuvuka kwa gari, nukta ya umande inaweza kushuka kutoka 18 hadi karibu 0 ndani ya makumi machache ya kilomita. Mchana mpaka huo husogea mashariki, jioni hurudi magharibi, na mawingu huchomoza juu yake.

Juu ya yote hayo kuna kifuniko, tabaka la hewa ya joto linaloziba hewa ya chini isipande. Kifuniko kikiwa chepesi, mawingu yanafumuka kila mahali saa 6 mchana, yanagombana na kuwa mstari mmoja wa mvua. Kikiwa kizito, jua linazama anga likiwa jeupe na umetumia mafuta ya bure. Siku nzuri ni ile kifuniko kinavunjika saa 10 jioni mahali pamoja au pawili tu.

Kwa hiyo kuanzia saa 7 mchana mpaka saa 10 hakuna cha kukimbiza. Unajaza tanki, unasafisha kioo, unatazama minara ya mawingu. Mnara wenye kingo kali zenye vinundu kama koliflawa unapanda kweli. Ule uliochakaa kama pamba iliyonyonyolewa umegonga kifuniko. Zikiota dhoruba kadhaa kwenye mstari, chagua ya kusini kabisa, kwa kuwa hakuna mwenzake anayeinyang'anya hewa ya joto inayotoka kusini-mashariki. Kisha uikaribie kutokea kusini au kusini-mashariki. Ukitokea kaskazini itabidi upite kwenye kiini chenye mvua na mawe, na ukitoka upande wa pili uko mbele ya tonado bila kujua iko wapi.

---

BarabaraKwanza alijibu:

Nichukue swali la pili, na nianze na namba zako mwenyewe. Tonado iko kilomita 3.5. Tuseme inakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa. Itafika hapo kwa dakika 4 na sekunde 12. Wameshatumia dakika 3 kupiga picha na nusu dakika kushangaa pazia la mvua. Zimebaki sekunde kama 40, na tonado iko mita 600. Hapo ndipo wanaanza kugeuza gari. Kuponea kwao kumetokana na tonado kupita kidogo kaskazini mwao, si na udereva.

Sasa tazama yaliyofanyika kabla. "Haisogei kwa macho" ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Tonado inayokwenda kushoto au kulia kwako utaiona ikipita nyuma ya nguzo, mti, ghala. Inayobaki juu ya nguzo ileile huku ikinenepa inakuja kwako. Chukua alama moja ya mbali, mnara wa maji au kona ya fensi, ihesabie sekunde 20. Ikikwama juu ya alama hiyo, ondoka sasa hivi, kamera iendelee kurekodi ikiwa imeshikwa kwa mkono ndani ya gari.

Pili, pua ya gari. Unaposimama, unageuza kwanza halafu ndiyo unatazama. Gari likae tayari likielekea njia ya kutokea, injini inaunguruma, nje ya barabara kabisa ili wengine wapite. Kugeuza kwenye barabara ya udongo ya upana wa mita sita hivi, mitaro kila upande, kunakula sekunde 20 kukiwa kukavu.

Tatu, na hili kwangu ndilo kosa lenyewe: barabara ya udongo. Kansas na Oklahoma zimepimwa kwa miraba, kwa hiyo kwenye maeneo ya tambarare unapata barabara karibu kila maili moja, kilomita 1.6, na kwenye ramani inapendeza sana. Kwa lami, kilomita 1.6 kwa mwendo wa 80 ni sekunde 72. Kwa udongo mwekundu wa magharibi mwa Oklahoma ulionyeshewa dakika tano, unakwenda 30 ukibahatika, na umbali uleule unakula zaidi ya dakika 3. Udongo ule unajaza mifereji ya tairi, tairi linabaki laini kama sabuni, na kwa kuwa barabara ina mgongo katikati, gari linateleza lenyewe kuelekea mtaroni hata likiwa la kuendesha magurudumu yote manne. Kwa hiyo wanapofika njia panda ya lami na udongo, wanaojua hubaki kwenye lami hata kama picha ni mbaya zaidi.

Miraba nayo ina mitego. Barabara inaishia kwenye zizi, au inakatwa na mto. Kwenye Mto Canadian na Mto Red madaraja yametengana sana, na ukikosa moja umejifungia. Kwenye ukingo wa Caprock huko Texas, barabara zinapinda kufuata makorongo na mwendo wa kunyooka haupo. Ndiyo maana msoma ramani anapaswa kutamka kwa sauti, kila mnaposimama, njia ya kutokea na ya akiba: "Kusini maili mbili kwa lami, kisha mashariki. Ikiziba, mashariki moja kwa moja." Asipoweza kuzitaja zote mbili, hapo hapasimamiki.

Pazia la mvua lililoificha si mvua ya bahati. Ni upepo unaoshuka nyuma ya supaseli, unaozunguka kutoka magharibi kwenda kusini na kuifunga tonado kama blanketi. Unaweza kufika kabla ya tonado na wenyewe ukaangusha nguzo. Inawezekana kabisa nguzo za kwenye video zililazwa na huo. Dalili yake unaisikia kwenye ngozi: ulipokuwa mahali pake, upepo ulikuwa wa joto, wenye unyevu, ukivuma kuelekea dhoruba. Ukigeuka ghafla ukatoka magharibi au kaskazini-magharibi, nafasi yako imeshaharibika, na hutakiwi kusubiri uthibitisho wa macho.

---

Mpenda_Mawingu aliandika:

BarabaraKwanza, hesabu hiyo imenitoa jasho. Kwa nini kusini, lakini? Na kama kilomita 3.5 ni karibu mno, umbali sahihi ni upi?

---

BarabaraKwanza alijibu:

Kusini kwa sababu tonado nyingi za nyanda zile huelekea mashariki au kaskazini-mashariki, na unataka kutoka kwenye njia yake kwa pembe ya mraba. Kukimbia mbele yake ni kushindana mwendo na kitu kisichosimama kwenye taa wala kona. Ukienda kaskazini unaingia kwenye kiini: mvua ya mawe makubwa zaidi, maji barabarani, kuona mita 50. Mashariki huwa sawa tu kama una umbali mkubwa na lami iliyonyooka, kisha upinde kusini.

Umbali hauna namba moja. Tonado nyembamba chini ya kitako kikavu, inayoonekana yote, kilomita 2 zinavumilika ukiwa kusini-mashariki mwake. Supaseli iliyojaa mvua ni habari nyingine, na El Reno, Oklahoma, Mei 31, 2013 ndiyo kipimo. Ile ilianza ikielekea mashariki na kusini kidogo, kisha ikageuka kaskazini-mashariki, ikaongeza kasi na kupanuka mpaka upana wa kilomita 4.2, mpana kuliko wote uliowahi kupimwa Marekani. Wengi waliokuwa wamejipanga "vizuri" kwa ule mwelekeo wa kwanza wakajikuta ndani. Watafiti Tim Samaras, mwanawe Paul Samaras na Carl Young walikufa hapo, na hawakuwa wageni wa kazi hii. Kingo zake zilikuwa ndani ya mvua, kwa hiyo kilichoonekana kuwa tonado kilikuwa sehemu yake tu. Kwenye dhoruba ya namna ile, pima umbali kutoka kwenye ukingo wa mvua inayozunguka, usipime kutoka kwenye mkonga unaouona.

---

NdoanoYaRada aliongeza:

Nakubali yote, ila kwenye kilomita 2 nina shaka, kwa sababu ya jambo moja ambalo halijatajwa. Supaseli nyingi huzaa kwa zamu. Tonado ya kwanza ikizeeka, hewa baridi inauzunguka mguu wake, inavutwa kushoto, kuelekea kaskazini na nyuma, inakonda kama kamba. Ndiyo saa inapopendeza zaidi kwenye kamera. Wakati huohuo mzunguko mpya unajijenga mashariki au kusini-mashariki ya ule wa zamani, kilomita kadhaa kutoka hapo. Nani amesimama kusini-mashariki? Wewe. Kila mtu anatazama kamba inayokufa, mpya inashuka juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo kila dakika mtu mmoja anatazama juu moja kwa moja. Kitako kilicho juu yenu kikianza kuzunguka, au vipande vya wingu vikipanda kwa kasi badala ya kuelea, sogeeni mashariki au kusini bila mjadala.

---

Nyuzi_Nusu alijibu:

Swali la rada. Mtandao wa rada za Marekani una mitambo takriban 160, na mwali wa chini kabisa kwa kawaida huinuliwa nusu digrii. Kwa kuwa dunia ni duara, mwali huo ukifika kilomita 100 uko mita 1,500 hivi juu ya ardhi. Unachokiona kwenye simu ukiwa mbali na mtambo ni tumbo la dhoruba. Tonado iko miguuni.

Halafu muda. Dhoruba zikiwepo, mtambo huchukua dakika 4 hadi 6 kumaliza pembe zote. Siku hizi mwali wa chini unaweza kurudiwa katikati ya mzunguko, hivyo unapata picha yake mapema zaidi, lakini bado kuna kuchakata, kutuma na simu kupakua. Dhoruba inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ndani ya dakika 5 imesogea kilomita 6.7. Nukta ya buluu inayoonyesha gari lako ni ya sasa hivi. Picha moja ina nyakati mbili, na programu haikwambii. Anayeitumia kupita "katikati ya nafasi" baina ya ndoano (mvua iliyojikunja kuuzunguka mzunguko, inavyoonekana kwenye rada) na kiini anapita kwenye nafasi ambayo haipo tena.

Mtandao wa simu nao unakatika. Magharibi mwa Kansas na ile Panhandle ya Texas, kipande chake cha kaskazini kabisa, kuna sehemu kubwa zisizo na mawimbi, na penye mawimbi kuna mamia ya magari yanayotaka picha ileile. Mtandao ukikatika, skrini haiwi nyeusi, inabaki na picha ya mwisho, tulivu kabisa. Kabla ya kuangalia rangi yoyote, angalia saa iliyoandikwa kwenye picha. Ikizidi dakika 6, izime, tumia macho.

Ina kazi gani basi? Kuchagua dhoruba, kupanga njia ukiwa kilomita 40 mbali, na kujua kitakachokuja baadaye. Kwenye picha ya mwendo wa upepo, kijani ni unaokuja kwenye mtambo na nyekundu unaoondoka, zikikaa bega kwa bega zikiwa kali, hapo panazunguka. Picha nyingine hupima kama vitu vilivyo hewani vinafanana. Mvua hufanana, kipimo kinakaribia 1. Kikishuka chini ya 0.8 palepale penye mzunguko na mwangwi mkali, hizo ni mbao, majani na mabati. Ni uthibitisho kwamba tonado imeshagonga. Wengine wanauchukulia kama utabiri. Wameshachelewa.

Beba pia redio ya hali ya hewa, ile ya masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz. Haihitaji mtandao wa simu. Na ramani ya karatasi, au angalau ramani iliyopakuliwa mapema.

---

Spana13 alijibu:

Mimi niseme ya gari tu. Wanaofuatilia dhoruba wanauawa na barabara mara nyingi kuliko na tonado. Machi 28, 2017, karibu na Spur, Texas, magari mawili ya wawindaji yaligongana njia panda, wakafa watu 3. Aprili 29, 2022, wanafunzi 3 wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikufa kwa ajali wakirudi kutoka Kansas, gari lilipoteleza kwenye maji barabarani.

Tairi lenye upepo wa psi 32 linaweza kuanza kuelea juu ya maji kwenye mwendo wa kilomita 90 na kitu, na likiwa limeisha linaelea mapema zaidi. Kiwango cha chini cha kisheria katika majimbo mengi ni milimita 1.6 za mfereji. Kwa kazi hii 4 ndiyo ya kuanzia kufikiria kubadilisha. Akiba iwe tairi kamili, si ile nyembamba ya dharura. Weka vipande viwili vya ubao wa nusu mita kwa ajili ya kuweka chini ya jeki au chini ya tairi kwenye tope, kamba ya kuvutia, na vifaa vya kuziba pancha, maana barabara iliyopitiwa na tonado imejaa misumari. Tanki lisishuke chini ya nusu. Umeme ukikatika mjini, pampu za mafuta hazifanyi kazi.

Mawe yakikukuta na huna pa kujificha: punguza mwendo, kwa sababu mwendo wako unajumlishwa kwenye pigo, na uelekeze kioo cha mbele upande mawe yanakotoka. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, kitapasuka nyufa lakini kitashikana. Vya pembeni na nyuma vikipigwa sawasawa vinamwagika punjepunje mapajani. Miwani ya kazi na kofia ngumu zikae juu ya kiti, si kwenye buti.

Dereva haangalii rada, hapigi picha, haongei na simu. Ukiwa peke yako, simama ndipo uangalie. Na usishike fensi ya waya kwa kuegemeza kamera, radi ikiipiga hata mbali inasafiri kwenye waya.

---

Mpenda_Mawingu aliandika:

Shukrani sana wakuu. La mwisho: njia zote mbili zikiziba, na iko mita 600? Video nyingine zinaonyesha watu wakijibanza chini ya daraja. Na giza likiingia inakuwaje?

---

BarabaraKwanza alijibu:

Daraja hapana. Mei 3, 1999 huko Oklahoma watu 3 walifia chini ya madaraja ya barabara kuu. Upepo unabanwa kwenye uwazi ule na kuongeza kasi, ukipanda kwenye mteremko wa juu unakuwa umejiinua kwenye upepo mkali zaidi, na vifusi vinapita hapohapo. Juu ya hayo, magari yaliyosimama chini yanaziba njia ya kila anayetaka kutoroka.

Jengo imara likiwepo, ingia, chumba cha ndani cha chini. Lisipokuwepo, kuna mawili na yote ni mabaya: kubaki garini umefunga mkanda, kichwa kimeinamishwa chini ya usawa wa vioo na kufunikwa kwa mikono au koti, au kulala kifudifudi kwenye mtaro ulio chini dhahiri kuliko barabara, mbali na gari lisije likakuangukia. Mtaro wenye maji yanayopanda usiutumie.

Ukiona tonado ukiwa salama, ripoti kabla ya kupandisha video: uko wapi, iko upande gani na umbali gani, saa ngapi, inaelekea wapi. Huduma ya hali ya hewa inategemea macho kwa ile sehemu ya chini ambayo mwali wa rada haufiki.

---

NdoanoYaRada alijibu:

Giza: wengi huacha, na wanafanya vizuri. Unachobaki nacho ni mwanga wa radi unaokuonyesha umbo kwa sehemu ya sekunde, na miali ya kijani-buluu chini kabisa karibu na ardhi, ambayo ni nyaya za umeme zikikatika. Miali ya radi huanzia juu na huwa nyeupe au ya zambarau. Ile ya kijani-buluu ikitembea kwa mstari, soma mwelekeo wake kwa alama kama mchana. Huko kusini-mashariki, Mississippi na Alabama, usijaribu hata kidogo: miti imefunga upeo, vilima vipo, dhoruba ni za kasi. Ile ya Rolling Fork, Machi 24, 2023, ilipiga mji giza likiwa limeshaingia.

Kwenye nyanda, jua likizama, kaa kilomita 15 au zaidi kusini-mashariki, piga picha za radi, na urudi taratibu. Wanyama aina ya paa hujitokeza barabarani saa hizohizo.